Njaa ilibisha hodi: ni tashihisi au ni sitiari?

*"Mwalimu, shikamoo. Nimerudi kwenye masomo baada ya miaka mingi, najiandaa na mtihani wa fasihi kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimekariri tamathali 26 pamoja na mifano yake, lakini nikiwekewa shairi nisilolijua nakwama. Juzi tulipewa mstari 'Njaa ilibisha hodi kabla ya jua', tutaje tamathali iliyotumika. Niliandika tashihisi, nikakosa. Mwenzangu aliandika sitiari, akapata. Kitabu kimoja nilicho nacho kinasema sitiari, kingine istiara, cha tatu kinaongeza jazanda. Kejeli na kinaya naona ni kitu kimoja kilichopewa majina mawili. Halafu naandika hadithi fupi, na wanaozisoma wananiambia nimezijaza mapambo. Kuna njia ya kutambua tamathali bila kubahatisha? Na katika kuandika, kiasi gani kinatosha?"*

Marahaba. Nianze na alama uliyonyimwa, maana nahisi ndiyo iliyokusukuma kuandika. Hukukosea. Njaa haina mkono wa kugonga mlango wala mdomo wa kuita hodi. Mtunzi ameipa tendo la mtu, na hiyo ndiyo tashihisi. Mwenzako naye hakukosea, kwa sababu huwezi kuipa njaa tendo la mtu bila kwanza kuifananisha kimyakimya na mtu, na kufananisha kimyakimya ndiyo kazi ya sitiari. Tashihisi ni sitiari ya aina moja mahususi, kama kunguru alivyo ndege. Watu wawili wakiulizwa "kile juu ya mti ni nini?", mmoja akajibu ndege na mwingine kunguru, huwezi kumpa alama wa ndege ukamnyima wa kunguru. Mimi ningempa wa kunguru zaidi.

Ila tusiishie kwenye kulaumu mwongozo wa kusahihishia. Shida yako, nijuavyo kutokana na wanafunzi wengi niliowahi kukaa nao, haiko kwenye kumbukumbu. Iko kwenye ile orodha yenyewe. Orodha ya tamathali 26 inakufundisha, bila kusema, kwamba kila mstari una jina moja linalousubiri, na kazi yako ni kulipata. Kumbe tamathali ni kitendo: neno limetolewa mahali lilipozoea kufanya kazi, likapelekwa kufanya kazi kwingine. Ukikiona kitendo, jina litakuja lenyewe, na hata lisipokuja utakuwa na la kuandika. Ukitafuta jina kwanza, utabahatisha hadi siku ya mwisho.

Neno istiara linasaidia sana hapa. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuazima, na sitiari ni neno hilohilo lililopunguzwa makali kwa midomo yetu. Kwa hiyo majina mawili yanayokusumbua ni jina moja, hilo lifute kwenye orodha ya wasiwasi. Kinachobaki ni picha ya kuazima: kuna anayehitaji, kuna kilichoazimwa, na kuna sababu iliyofanya kiazimwe hicho na si kingine. Mhakiki I. A. Richards, mwaka 1936, alisisitiza kwamba katika sitiari lazima tutenganishe kile kinachozungumziwa na kile kinacholetwa ili kukizungumzia, maana watu walikuwa wakiyachanganya yote mawili chini ya jina moja. Bado tunayachanganya. Kwa hiyo ukikutana na mstari, weka orodha pembeni na uulize mambo matatu: hapa kinachozungumziwa hasa ni nini? Neno gani limeazimwa, na limetoka wapi? Ni nini kinachoviunganisha?

Tuujaribu mstari wako. Kinachozungumziwa ni njaa. Kilichoazimwa ni "kubisha hodi", na kimetoka kwa mgeni anayefika mlangoni. Kinachoviunganisha ni nini? Hapa ndipo utamu ulipo, na ndipo alama zilipo. Mgeni huja kutoka nje, huja bila mwenyeji kupanga, na akishaita hodi huwezi kujifanya hujamsikia. Zaidi ya hapo, anayebisha hodi ni mtu mwenye adabu, anayetarajia kukaribishwa. Njaa yenye adabu! Na "kabla ya jua": mgeni wa saa hizo ama ana msiba ama ana deni. Ukiyaandika haya kwa sentensi nne, msahihishaji anayejua kazi yake hatajali sana kama juu umeandika tashihisi au sitiari.

Kuna jambo jingine kwenye mstari huo ambalo Kiswahili kinaweza kulifanya na lugha nyingi haziwezi. Mtunzi ameandika "njaa *ili*bisha", akaiacha kwenye ngeli yake. Angeweza kuandika "Njaa *a*libisha hodi". Katika ngano zetu vitu vikishaanza kusema huvuka na kuingia ngeli ya A-WA: Upepo akamwambia Jua, Jua akacheka. Kuvuka huko ni tashihisi kamili, kitu kimeshakuwa mhusika na tunamsubiri aongee. Lakini "ilibisha" inaiacha njaa nusu kitu, nusu mtu: ina tabia za mtu, haina uso. Kwangu hiyo inatisha kuliko "alibisha". Na mlango huu hufunguka pande zote mbili. Mtunzi akiandika "kijitu kikaingia, kikaketi", amemtoa mtu kwenye ngeli ya watu akamshusha hadi ya vitu vidogo, na amemdharau bila kutumia tusi hata moja. Ukisoma shairi, tazama viambishi. Wanafunzi wengi hutafuta tamathali kwenye nomino na vivumishi, wakati nyingine imejificha kwenye herufi moja ya mwanzo wa kitenzi.

Sasa lile swali la tatu, la kinachounganisha, ndilo linalogawa tamathali karibu zote. Kuna zinazounganishwa na mfanano, zinazounganishwa na ukaribu, na zile ambazo kilichopo ni pengo kati ya kinachosemwa na hali ilivyo.

Kwenye mfanano kuna tashbihi, sitiari, tashihisi na hiyo jazanda yako. Tashbihi watu huiona rahisi kwa sababu ya "kama", na hapo ndipo huwanasa. "Kama mvua itanyesha, hatutaondoka" ni sharti. "Walikuja watu kama hamsini" ni makadirio. "Ni mrefu kama kaka yake" ni mlinganisho wa kawaida, unaweza kuwapima wote wawili kwa futi ukamaliza ubishi. Tashbihi huanza pale vitu vinavyolinganishwa vinapotoka kwenye makundi tofauti, kiasi kwamba futi haisaidii: "Ni mrefu kama mlingoti." Na haihitaji "kama" peke yake, mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani, ungedhani, zote hufanya kazi hiyo.

Halafu sitiari. Tunafundishwa kwamba ukiondoa "kama" kwenye tashbihi unapata sitiari: "Yule bwana ni kama simba" ni tashbihi, "Yule bwana ni simba" ni sitiari. Kwa mtihani, shika hilo. Lakini ujue kwamba jambo hili lina ubishi wa karne nyingi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kusema kwamba tofauti ya hizo mbili ni ndogo. Abd al-Qahir al-Jurjani, mwanazuoni wa balagha (elimu ya ufasaha wa lugha) wa karne ya 11, aliona kwamba "Zaid ni simba" bado ni tashbihi, kwa kuwa Zaid na simba wote wametajwa, wamekaa mbele yetu. Kwake istiara ya kweli ni pale unaposema "Nimemwona simba" na unamkusudia mtu: Zaid ametoweka kwenye sentensi, simba amebaki peke yake, na msikilizaji ndiye anayemrudisha Zaid kichwani mwake.

Nimekuletea ubishi huo wa zamani kwa sababu unamaliza ubishi wako wa leo. Fikiria ngazi. Kwenye kipandio cha kwanza vitu vyote viwili vipo, na neno la kulinganisha lipo: tashbihi. Cha pili, vitu vyote viwili vipo, neno la kulinganisha limeondoka: ndiyo sitiari ya vitabuni. Cha tatu, kinachozungumziwa kimeondoka, kimebaki kilichoazimwa tu. Hapa al-Jurjani anasema istiara. Walimu wengi wa Kiswahili wanasema jazanda, au sitiari iliyofumbwa. Shairi zima linaloonya juu ya "nahodha aliyelala na jahazi linakwenda mrama", bila kutaja kiongozi wala nchi hata mara moja, liko kwenye kipandio hicho cha tatu. Ukikumbuka ngazi, vitabu vyako vitatu havitagombana tena.

Wengi hapo huuliza: ishara je? Jiulize kama kitu chenyewe kipo ndani ya hadithi. Mhusika akiwa na taa iliyovunjika kioo, anaibeba, anaiweka mezani, na inazidi kurudi kila baya linapotokea, hiyo taa ni ishara. Ipo kweli, na juu ya kuwapo kwake inabeba maana nyingine. Lakini msimulizi akisema "moyo wake ulikuwa taa iliyovunjika kioo", hakuna taa chumbani. Ni sitiari.

Tamathali za ukaribu watu huzipita mbio, na ni kosa. Hapa hakuna mfanano wowote. Ukisema "Ikulu imekanusha", jengo halifanani na msemaji. Yeye anafanya kazi ndani yake, basi. Hiyo ni metonimia: jina la kitu kinachopakana na kingine linasimama badala yake. Sehemu ikisimama badala ya kizima, au kizima badala ya sehemu, ni sinekdoki. Mwanaisimu Roman Jakobson aliandika mwaka 1956 kuhusu wagonjwa waliopoteza uwezo wa lugha kwa madhara ya ubongo, akaonyesha kwamba waliopoteza uwezo wa kushika mfanano waliegemea ukaribu: wakitafuta neno kisu, wanasema uma, wakitafuta taa, wanasema meza. Akaona kwamba sitiari na metonimia ni njia mbili tofauti kabisa za akili, na kwamba waandishi nao huegemea moja au nyingine. Tangu nilipoelewa hilo sikuwahi tena kuiita metonimia "aina ya sitiari", ingawa nimesikia ikifundishwa hivyo.

Chukua methali unayoijua tangu utotoni: *Sikio la kufa halisikii dawa.* Iweke karibu na macho. Sikio halifi peke yake. Anayekufa ni mtu. Kwa hiyo sikio limesimama badala ya mwenye sikio, na hiyo ni sinekdoki. Kisha "halisikii dawa": tunasema ugonjwa umesikia dawa tukimaanisha umekubali kupona, lakini hapa mwenye kusikia ni sikio, ambalo kazi yake halisi ni kusikia. Maana mbili zimepigana vikumbo ndani ya kitenzi kimoja. Huo ni mchezo wa maneno. Halafu methali nzima haizungumzii sikio wala dawa, inamzungumzia mtu asiyeshaurika, na yeye hatajwi popote: kipandio cha tatu cha ngazi yetu. Maneno matano, kazi tatu. Sasa mtu akikuuliza "methali hii ina tamathali gani?" kwa umoja, wewe ufanyeje? Taja ile inayobeba uzito zaidi kwa swali uliloulizwa, kisha uonyeshe kwamba umeziona nyingine.

Twende kwenye pengo, yaani kejeli na kinaya. Hapana, si kitu kimoja, ingawa hukutana mara nyingi. Kinaya ni pengo lenyewe: kati ya lililosemwa na lililokusudiwa, au kati ya lililotarajiwa na lililotokea. Kejeli ni nia ya kumchoma mtu. Mwizi anayelala nyuma ya kufuli tatu kwa kuogopa wezi ni kinaya, na hakuna aliyefungua mdomo kumkejeli. "Kichwa kikubwa, ndani upepo" ni kejeli, na haina kinaya chochote. Msemaji anamaanisha kila neno. Anayemwambia mtu aliyefika kikao kikiwa kimekwisha "Hongera, leo umewahi kweli" amevitumia vyote viwili: pengo ndiyo silaha, kuchoma ndiyo nia. Na kuna kile kinaya ambacho sisi wasomaji tunajua jambo na mhusika halijui, kama anapomshukuru kwa machozi mtu tuliyemwona jana yake akimsaliti. Hicho hakimo katika sentensi yoyote. Ukikitafuta kwa kalamu ya kupigia mstari hutakipata, kwa sababu kimekaa kwenye mpangilio wa matukio.

Mubalagha, au chuku, na tafsida hazina haja ya maelezo marefu: ya kwanza huzidisha, ya pili hulainisha. Angalia tu kwamba tafsida hukua na kuzeeka. Neno la staha likitumika sana huanza kunuka kile lilichokuwa linakificha, na watu hutafuta jingine.

Takriri (kurudiarudia neno au sauti), maswali ya balagha yasiyohitaji jibu (wengine huyaita tashtiti) na tanakali za sauti (maneno ya kuigiza) ni familia nyingine. Hapa hakuna kilichoazimwa. Maneno yamebaki na maana zao, kilichobadilika ni mpangilio au mlio. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma katika karne ya 1, alikwisha kuyatenganisha makundi haya mawili, na vitabu vingi vya Tanzania huyaweka haya ya pili chini ya "mbinu nyingine za kisanaa". Kwa hiyo katika orodha yako ya 26 kuna ambazo maswali yangu matatu hayatazifungua. Usishangae. Kwenye tanakali za sauti kuna dosari moja ya kawaida. "Akaanguka majini chubwi" inaigiza mlio, sawa. Lakini "jeupe pe" inaigiza mlio gani? Weupe hauna sauti. Wala "kulala fofofo" si sauti ya usingizi. Maneno haya huigiza hisia nzima ya jambo, kwa jicho, kwa ngozi, kwa mwendo, ndiyo maana wanasarufi huyaita vielezi viigizi. Lugha za Kibantu zimejaa maneno ya aina hii, na mwanaisimu C. M. Doke aliyapa jina lao la kitaalamu mwaka 1935. Ukiandika tu kwamba "pe" ni tanakali ya sauti, utapata alama yako ya jina. Ukieleza linachokifanya, utakuwa umesoma kweli.

Neno moja la tahadhari kuhusu majina. *Majazi* katika vitabu vya shule vya Kenya ni kumpa mhusika jina linalooana na tabia yake, tofauti na lakabu ambalo ni jina la kupangwa. Kwenye balagha ya Kiarabu lilikotoka, majazi ni lugha yote isiyo ya moja kwa moja, kinyume cha hakika, yaani maana halisi ya neno. Hata kinaya huko kwao lilikuwa na maana ya kusema kwa kudokeza, si hili pengo tulilolizungumza. Maneno yamesafiri, yakabadilika njiani, na kila kundi la walimu likashika maana yake. Hakuna mahakama ya kuamua nani ana haki. Tumia istilahi za mtaala unaofanyia mtihani, na usiulete ubishi wa al-Jurjani kwenye chumba cha mtihani. Huo umekuja hapa kwa faida yako.

Sasa hadithi zako. Umetumia neno "mapambo", na ningependa kulipinga kabla sijakushauri, kwa sababu nadhani ndilo lililokuharibia. Ukiamini tamathali ni pambo, utaandika sentensi kwanza, kisha utatafuta cha kuivalisha. Lakini angalia maongezi ya kila siku: bei imepanda, mazungumzo yamevunjika, hoja haina msingi, usingizi ulinichukua. Tunasema mwaka *uliopita* na wiki *ijayo*, kana kwamba muda una miguu, na hakuna njia nyepesi zaidi ya kulisema hilo. Mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson, mwaka 1980, walijenga hoja kwamba sitiari ni namna tunavyofikiri kabla haijawa namna tunavyoandika. Hata nusu ya kile wanachodai ikiwa kweli, inatosha kutuonyesha kwamba tamathali haiji baada ya wazo kama ushanga. Huja pamoja nalo, au isije.

Nichukue aina ya sentensi ambayo nimeikuta mara nyingi kwenye miswada: *"Moyo wake ulidunda kama ngoma, machozi yakatiririka kama mto, na sauti yake ikawa kamba iliyokatika."* Kila kipande kikisimama peke yake kina sarufi na kina tamathali. Lakini hesabu mambo anayoyabeba msomaji. Ndani ya pumzi moja ameambiwa aione ngoma, aiache, auone mto, auache, aione kamba. Wakati huo yule mwanamke anayelia amebaki wapi? Hayupo tena. Tumeona vyombo vyote vilivyoazimwa, mwenye nyumba hatukumwona. Zaidi ya hapo, ngoma na mto vimeshaazimwa na watu wengi hata vimechakaa. Msomaji akifika kwenye "kama ngoma" hasikii mlio wowote, anasoma tu kwamba moyo ulidunda, jambo ambalo "ulidunda" lilikwisha kumwambia.

Mimi ningeandika: *"Alitaka kusema jina lake. Sauti ikamkatikia, kama uzi uliovutwa mno."* Machozi hayamo, na hayakosekani. Kilichobaki ni kimoja, kimetoka kwenye tukio lenyewe (kukatika kwa sauti ni usemi wetu wa kawaida, uzi umeuamsha tu), na "uliovutwa mno" linatueleza kitu ambacho hatukukijua: kwamba amekuwa akijizuia kwa muda mrefu. Hicho ndicho kipimo changu, nami hukitumia kwa ukali. Tamathali ikituambia jambo ambalo sentensi isiyo nayo haisemi, ibaki. Ikirudia lililokwisha kusemwa, iondoke, hata kama ni nzuri. Hasa kama ni nzuri, kwa sababu nzuri ndizo tunazozionea huruma.

Angalia pia sitiari zinazogongana. "Amani ni mbegu tuliyoijenga kwa jasho" huteleza masikioni vizuri hadi mtu anapouliza mbegu hujengwa vipi. Kosa hili hutokea pale neno lililoazimwa limezoeleka kiasi kwamba mwandishi mwenyewe haoni tena picha iliyomo. Soma kwa sauti, polepole, ukijilazimisha kuona kila kilichotajwa. Utajikamata mwenyewe.

Umeuliza kiasi gani kinatosha. Sina idadi, na anayekupa idadi kwa kila ukurasa usimwamini. Kuna hadithi kavu kabisa, sentensi fupi, hakuna sitiari moja ya makusudi, na inakuliza. Kuna nyingine imejaa tele na huchoki, kwa sababu picha zote zimechotwa kisima kimoja: msimulizi ni mvuvi, basi anaona dunia yote kwa nyavu, kamba na maji kupwa. Tatizo la hadithi zako, nikikisia kutokana na ulichoambiwa, huenda si wingi bali ni kwamba kila picha imetoka mahali pake tofauti. Jaribu kuamua kwanza ni nani anayeona, na anajua vitu gani maishani mwake. Mwache aazime kutoka humo tu.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kukutatulia. Kwa mtihani, tafuta mwalimu anayesahihisha kwa mtaala wako, ukae naye ana kwa ana na majibu yako matatu au manne uliyokwisha kuyaandika, akuonyeshe mwongozo unataka nini: jina tu, jina na mfano, au jina, mfano na dhima, yaani kazi ambayo tamathali inaifanya. Hilo la dhima wengi huliacha, na huko ndiko alama zinakomwagika. Kwa hadithi, mtafute msomaji mmoja asiyekuogopa, umpe karatasi na penseli, akae mbele yako asome kwa sauti. Usimuulize kama ameipenda. Tazama anapojikwaa, na pale anaposoma haraka ili avuke. Weka alama hapo.

Na karatasi yako yenye mstari wa njaa, irudishe kwa aliyeisahihisha. Nenda na zile sentensi nne za maelezo, za mgeni na adabu yake na saa aliyokuja, uziandike upya kwa maneno yako.